Kufanyia Kazi Nyumbani: Tija Yake na Ujira Wake



Mwezi wa Machi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia Uganda na wananchi wakaamriwa wabaki majumbani, askari hakuambiwa akae kwake. Aliambiwa asimame barabarani. Polisi alilinda vizuizi, mwanajeshi akapiga doria saa za kafyu, na makarani, wahasibu na hata baadhi yetu sisi watangazaji tukarudi nyumbani na kazi zetu mkononi. Nakumbuka nikisoma taarifa kwa simu kutoka chumbani kwangu, nimejifunika blanketi kichwani ili jogoo wa jirani asisikike hewani. Alisikika.

Tangu siku hizo limekuwapo swali ambalo wakubwa wa ofisi katika nchi nyingi wanalibishania: je, mtu aliye mbali na macho ya msimamizi wake anafanya kazi kweli, au anakula mshahara wa bure? Na je, yeye mwenyewe anapata ujira unaolingana na jasho lake? Huenda askari akasema kwamba jambo hili halimhusu, kwa kuwa hakuna zamu ya ulinzi inayofanyiwa sebuleni. Lakini linamhusu. Askari aliyepelekwa lindoni peke yake usiku wa manane anajua vizuri maana ya kufanya kazi bila kuonekana. Zaidi ya hayo, katika kambi nyingi za jeshi na polisi wamo wake na waume wa askari wanaotafuta riziki hapo hapo wanapolala, kwa cherehani, kwa mashine ya kufuma au kwa simu. Fedha hiyo ndiyo inayosaidia ada za watoto pale mwenye mshahara anapokuwa mpakani au Somalia.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mtu akisema kazi za nyumbani, mara moja tunafikiria kufagia, kupika na kuteka maji, kazi ambazo hazilipwi wala hazihesabiwi. Sizo tunazozungumzia leo. Tunazungumzia kazi ya kipato, ambayo mtu angeweza kuifanyia kiwandani au ofisini, lakini anaifanyia nyumbani kwake. Karani anayepiga mahesabu ya kampuni akiwa sebuleni amo katika hesabu hiyo, na mama anayefuma masweta ya shule kwa ajili ya mwenye duka amo vilevile. Magazeti mengi, tangu mwaka 2020, yamemwona yule wa kwanza tu, na kumsahau huyu wa pili ambaye alikuwapo miaka mingi kabla ya korona na kabla ya kompyuta.

Utafiti uliosifika kuliko wote juu ya jambo hili ulifanyika China. Katika mji wa Shanghai ipo kampuni iliyokuwa ikiitwa Ctrip, ambayo siku hizi inajulikana kwa jina la Trip.com, inayouza tiketi za ndege na vyumba vya hoteli. Mwaka 2010 ilikuwa na watumishi wapatao 16,000. Kodi za ofisi mjini zilikuwa zikipanda, na watumishi wa kupokea simu za wateja walikuwa wakiacha kazi kila kukicha. Mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, James Liang, alikuwa amekwenda kusoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Yeye, pamoja na Profesa Nicholas Bloom wa chuo hicho na wenzao, waliona kwamba ubishi hauna mwisho, afadhali jambo lipimwe.

Waliuliza watumishi wapatao 1,000 wa idara mbili nani angependa kufanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano za juma. Karibu nusu yao walijitokeza. Katika hao wakachaguliwa wenye sifa tatu: awe amekwisha kukaa kazini angalau miezi sita, awe na intaneti ya kutosha nyumbani, na awe na chumba chake cha kufanyia kazi. Waliobaki walikuwa 249. Kisha ikapigwa kura ya siku ya kuzaliwa: aliyezaliwa tarehe ya shufwa, kama 2 au 4 au 6, akaenda nyumbani, aliyezaliwa tarehe ya witiri akabaki ofisini. Zamu zilikuwa zile zile, na wasimamizi wale wale.

Kura ile haikuwa mchezo. Mkitaka kujua kati ya bunduki mbili ipi inalenga vizuri zaidi, hamtampa mlengaji hodari bunduki moja na kurutu bunduki ya pili, kisha mkahesabu matundu kwenye shabaha. Mtakuwa mmepima watu, si bunduki. Vivyo hivyo, anayejichagulia kwenda nyumbani si sawa na anayejichagulia kubaki ofisini, na yeyote anayewalinganisha hivi hivi tu anajidanganya. Kura ya tarehe ya kuzaliwa iliwachanganya hodari na wavivu pande zote mbili.

Jaribio lilianza Desemba 2010 na likaendelea miezi tisa. Matokeo yaliwashangaza wengi. Waliokuwa nyumbani walifanya kazi zaidi ya wenzao kwa asilimia 13. Katika hizo, asilimia kama 9 zilitokana na kukaa kazini dakika nyingi zaidi katika kila zamu, maana mapumziko yalipungua na siku za ugonjwa zikapungua. Asilimia 4 zilizosalia zilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa kila dakika, kwa sababu nyumbani palikuwa na utulivu. Watu walioacha kazi walipungua kwa nusu. Kampuni nayo ikapata nafuu ya kadiri ya dola 2,000 kwa kila mtumishi kwa mwaka.

Wengi husimulia habari hii na kuishia hapo. Lakini yapo mambo mawili ambayo hutajwa mara chache, na ambayo mimi nayaona makubwa kuliko ile asilimia 13. La kwanza ni vyeo. Ukiwalinganisha watumishi waliofanya kazi kwa kiwango kilicho sawa, aliyekuwa nyumbani alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo kuliko aliyekuwa ofisini. Tija yake iliandikwa katika vitabu, lakini sura yake haikuwa mbele ya mkubwa. Asiyeonekana gwarideni, jina lake huchelewa kukumbukwa. Hilo askari hahitaji profesa amfundishe. La pili ni upweke. Jaribio lilipokwisha na kila mtu akaruhusiwa kuchagua upya, kiasi cha nusu ya wale waliokuwa nyumbani waliamua kurudi ofisini. Na baada ya watu kujichagulia hivyo, faida ya kampuni haikupungua bali ilipanda kufikia asilimia 22, kwa kuwa waliobaki nyumbani walikuwa ni wale ambao nyumbani kuliwafaa kweli.

Je, basi tuseme kwamba jambo limethibitika, na kwamba nyumbani ni bora kuliko ofisini? La, hasha. Twende sasa kusini mwa India, katika mji wa Chennai, ambako hali za watu zinafanana zaidi na zetu kuliko hali za Shanghai.

Huko wataalamu watatu, David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde, waliwaajiri watu kwa kazi ya kuingiza takwimu katika kompyuta. Nao walipiga kura: wengine nyumbani, wengine ofisini. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2023, yalikuwa kinyume kabisa cha yale ya China. Waliopangiwa nyumbani walikuwa na tija pungufu kwa asilimia 18. Theluthi mbili za upungufu huo zilionekana tangu siku ya kwanza ya kazi, kabla mtu hajapata nafasi ya kuzoea uvivu. Theluthi iliyobaki ilikuja polepole, kwa sababu waliokuwa ofisini walijifunza upesi zaidi. Kurutu anayejipanga kati ya wenzake huona mkono wa jirani yake unavyoshika silaha, akajirekebisha kabla sajini hajafika. Aliye peke yake chumbani hukosa jirani wa kumtazama.

Sehemu ya utafiti huo inayostahili kusikilizwa kwa makini ni hii. Kabla ya kura, kila mtu aliulizwa angependelea wapi, na alipimwa uwezo wake. Ilionekana kwamba wale waliopendelea nyumbani ndio waliokuwa hodari zaidi: walikuwa wepesi na sahihi kuliko wenzao kwa asilimia 12. Hawakuwa wavivu waliotafuta mahali pa kujificha. Lakini watu hao hao walipopangiwa nyumbani, kazi yao ilishuka kwa asilimia 27 ikilinganishwa na ofisini, wakati wale waliopenda ofisi walishuka kwa asilimia 13 tu. Yaani waliokutaka nyumbani zaidi ndio ambao nyumbani kuliwaharibia zaidi.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu achague mahali panapompunguzia kazi? Watafiti walipochunguza, walikuta kwamba sehemu ya jibu imo katika maisha ya watu wenyewe. Wengi wa hao walikuwa na watoto wadogo au wagonjwa wa kuuguza, au walitoka katika familia maskini. Hawakuchagua nyumbani kwa kupapenda. Walichagua kwa sababu mtoto hana wa kumwachia. Na mtoto huyo huyo ndiye anayelia katikati ya hesabu, ndiye anayetaka uji saa nne. Ofisini mikono yao ingekuwa mepesi, lakini mlango wa ofisi umefungwa kwao na majukumu ambayo hakuna mwingine wa kuyabeba.

Ukiyaweka matokeo ya Shanghai kando ya yale ya Chennai, hayapingani kama yanavyoonekana mwanzoni. Kule China walichukuliwa watu wazoefu wa kazi, waliojitolea, na kila mmoja alikuwa na chumba chake na mtandao wake. Kule India walichukuliwa wapya, wakaingizwa katika nyumba zao kama zilivyo. Nyumba yenyewe ni chombo cha kazi, sawasawa na cherehani au kompyuta. Chumba chenye mlango, taa na utulivu ni chombo kizuri. Chumba kimoja chenye pazia katikati, ambamo watu sita wanalala, wanakula na kufanyia masomo ya shule, ni chombo kibovu, hata kama anayekitumia ni fundi hodari. Familia za askari wengi zinakijua chumba hicho.

Sasa tuje kwenye ujira, kwani tija bila malipo ni hesabu ya tajiri tu.

Mwezi wa Januari mwaka 2021, Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya wafanyao kazi nyumbani. Lilieleza kwamba mwaka 2019, kabla ya korona, watu wapatao milioni 260 duniani walikuwa wakijipatia kipato hivyo, sawa na asilimia 7.9 ya watu wote wenye kazi. Milioni 147 kati yao, yaani asilimia 56, walikuwa wanawake. Shirika hilo lililinganisha pia mapato. Uingereza, mfanyakazi wa nyumbani alipata pungufu ya mwenzake wa nje kwa asilimia 13. Marekani, asilimia 22. Afrika Kusini, asilimia 25. Na katika Argentina, India na Meksiko, karibu nusu nzima. Wala tusidhani kwamba hao ni washonaji na wasokota sigara peke yao. Pengo hilo lilionekana hata katika kazi zinazotaka elimu kubwa.

Pengo hilo lina sababu zaidi ya moja, na nyingine ni za hiari. Wataalamu wawili wa Marekani, Alexandre Mas na Amanda Pallais, waliwapima watu waliokuwa wakiomba kazi katika kituo cha kupokea simu, na mwaka 2017 wakaeleza kwamba, kwa wastani, mwombaji alikuwa tayari kuacha asilimia 8 ya mshahara ili apewe ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani. Wanawake wenye watoto wadogo walikuwa tayari zaidi kuliko wengine. Mtu anayeokoa nauli na saa mbili za barabarani anaweza kuona kwamba asilimia 8 ni bei ya haki. Lakini asilimia 8 si nusu ya mshahara. Tofauti iliyobaki haielezwi na hiari. Inaelezwa na unyonge wa mtu aliye peke yake. Mfanyakazi wa kiwandani humwuliza jirani yake analipwa ngapi. Wa nyumbani hamjui jirani yake. Humjua tu mtu wa kati anayemletea uzi asubuhi na kuchukua masweta jioni, ambaye kila akiombwa nyongeza husema wapo wengine wanaongoja.

Aliyelifahamu jambo hilo mapema ni mama mmoja wa India, Ela Bhatt, aliyefariki dunia mwaka 2022. Mwaka 1972, katika mji wa Ahmedabad, aliasisi chama cha wanawake wanaojiajiri, kiitwacho SEWA, ambacho kiliwaunganisha hata wasokota sigara wa majumbani. Chama hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyopigania Mkataba Namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1996 na kuanza kufanya kazi mwaka 2000, baada ya Finland na Ireland kuuridhia. Mkataba huo unataka anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na mfanyakazi mwingine wa ujira: katika malipo, katika usalama wa kazi, katika uzazi na katika haki ya kujiunga na chama. Nchi zilizouridhia mpaka leo ni chache mno.

Kuhusu wakubwa wanaoamini kwamba mtu asiyeonekana hafanyi kazi, kampuni ile ya China ilirudia jaribio mwaka 2021 na 2022, safari hii kwa watumishi 1,612 wenye elimu ya chuo kikuu, ambao nusu yao waliruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili tu kwa juma, Jumatano na Ijumaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Tija haikupanda wala kushuka, na vyeo havikuathirika, lakini walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Wakuu wa idara waliulizwa maoni yao kabla na baada. Kabla, walitarajia hasara ya asilimia 2.6. Baada ya miezi sita, walisema wameona faida ya asilimia 1. Waliyoyaogopa hayakutokea, na jambo la kuwasifia ni kwamba walikubali kubadili mawazo. Tena hapa vyeo havikupotea kama safari ya kwanza, na si vigumu kufikiri sababu: siku tatu za juma watu hawa walionekana.

Turudi kambini. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mke wa koplo anafuma masweta ya shule. Mwenye duka anampa uzi na kumlipa shilingi 5,000 kwa kila sweta, naye anamaliza matatu kwa siku. Jioni anahesabu shilingi 15,000, na koplo akipiga simu kutoka aliko anaambiwa kwamba mambo si mabaya. Lakini umeme wa mashine ni shilingi 1,500. Nauli ya kupeleka mzigo mjini, shilingi 2,000. Sindano iliyovunjika na mafuta ya mashine, tuseme shilingi 500 kwa siku. Zimebaki shilingi 11,000. Na saa alizotumia, tangu alfajiri kabla watoto hawajaamka mpaka usiku baada ya kulala kwao, ni saa kumi. Kwa hiyo kila saa moja imemletea shilingi 1,100, na chumba alichokitumia, ambacho mwenye duka angelazimika kukikodi kama angeweka karakana, amempa bure.

Hesabu kama hiyo huchukua dakika tano na kipande cha karatasi. Wake wa askari walio katika safu moja ya nyumba, wakiifanya pamoja na kutajiana bei wanazolipwa, watakuwa wamepata kile ambacho mfanyakazi wa kiwandani anacho na wa nyumbani hana, yaani jirani wa kumwuliza. Wakipata na chumba kimoja cha pamoja hapo kambini, chenye taa, na mama mmoja akakaa na watoto kwa zamu wakati wenzake wanafuma, watakuwa wameondoa sehemu kubwa ya kile kilichowapunguzia kazi akina mama wa Chennai. Jambo hilo haliko nje ya uwezo wa kambi yenye mkuu anayependa watu wake. Mahali pengine ghala moja lililo tupu lingetosha.

Na koplo mwenyewe, akirudi likizo na kumkuta mkewe amelala saa nane mchana na mashine imenyamaza, aulize kwanza alianza kazi saa ngapi.